Pikapu ya mazutu: moshi, harufu na mafuta ya motere vinasema nini

Katika komini Annexe pikapu ni kama shamba la pili la familia. Inabeba makala, mahindi, simenti na matofali, na siku ya kilio inabeba watu. Annexe inazunguka mji wa Lubumbashi, kutoka Kasapa mpaka Kalebuka, Kasungami, Kisanga na Luwowoshi, na njia nyingi za ndani ni za udongo: vumbi kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi, kisha matope wakati wa mvua. Gari nyingi zinatufikia zikiwa zimeshatumika kwingine, zinapitia Dar es Salaam na Zambia.

Motere ya namna hiyo haifi kwa siku moja. Inaanza kunuka, inatoa moshi, inakunywa mafuta. Mwenye kuelewa zile alama anatengeneza kitu kidogo. Asiyeelewa anauza kiwanja ili anunue motere ingine, na mara ingine ile ya kwanza haikuwa imekufa.

Mbele ya kwenda garaji

Angalia kwanza moshi unatoka wakati gani: asubuhi motere ikiwa baridi, wakati wa kupanda mlima, kisha kuteremka, ao saa zote. Andika. Fundi akikuuliza, jibu hilo linamsaidia kuliko kusema tu «gari inatoa moshi».

Pima mafuta ya motere gari ikiwa mahali pa sawa, motere imezimwa tangu dakika kumi. Toa kijiti, pangusa, rudisha, toa tena. Mafuta yanapaswa kuwa kati ya alama mbili. Kupita alama ya juu ni mbaya kama kukosa. Na usiogope rangi: mafuta ya motere ya mazutu yanakuwa meusi siku chache tu kisha kubadilisha, sababu yanakusanya masizi. Weusi peke yake si ugonjwa. Unene, harufu na kipimo ndivyo vinasema kweli.

Moshi mweusi

Moshi mweusi maana yake mazutu ni mingi kuliko hewa. Hapa kwetu sababu ya kwanza ni vumbi: filtre ya hewa imeziba. Anza na hiyo, sababu ni ya bei ndogo. Kama filtre ni safi, angalia tiyo za hewa kati ya turbo na motere. Tiyo ikipasuka, gari inakosa nguvu na inatoa moshi mweusi pale unakanyaga. Kisha fikiria injektere, ile inayopuliza mazutu ndani ya silinda: ikichoka, inatiririsha matone pahali pa kupuliza ukungu.

Kuna jambo lingine. Lubumbashi iko karibu metre 1,200 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani. Motere ya zamani isiyo na turbo, yenye pompi iliyopimwa kwa nchi ya chini, inaweza kutoa moshi mweusi kidogo wakati wa kupanda hata kama haina ugonjwa. Fundi wa pompi anaweza kupunguza mazutu.

Moshi mweupe

Mwezi wa sita na wa saba asubuhi ni baridi. Moshi mweupe wa dakika mbili tatu kisha kuwasha, halafu unaisha, ni kawaida. Kama unabaki, unachoma macho na unanuka mazutu mbichi, maana yake mazutu haiungui. Fundi apime zile buji za kupasha motere, injektere, na kama pompi inapuliza kwa saa yake.

Kama moshi mweupe unaendelea hata motere ikiwa moto, na maji ya radiatere yanapungua bila kuonekana chini, maji yanaingia ndani ya silinda. Mara nyingi ni jwe ya kilase, ile inayokaa chini ya kichwa cha motere, ao kichwa chenyewe kimepasuka. Vitabu vinasema moshi huo unanuka utamu. Ni kweli kwa gari yenye dawa ya radiatere, lakini wengi wetu tunaweka maji ya kisima tupu, na maji tupu hayana ule utamu. Basi usingojee harufu. Angalia alama zingine: mapovu ndani ya radiatere motere ikizunguka, tiyo ya maji inayobaki ngumu hata asubuhi, ao mafuta yenye rangi ya kahawa na maziwa. Usifungue radiatere ya moto hata siku moja: fungua ikiwa baridi, kisha washa ili uangalie mapovu.

Ukiona mafuta kama kahawa na maziwa, zima. Usiseme «nitafika tu nyumbani». Maji hayalainishi chuma, na kilometre kumi zinaweza kula motere yote.

Moshi wa bluu

Bluu maana yake motere inaunguza mafuta yake, na harufu yake ni ya mafuta yaliyoungua jikoni. Kwanza pima kama hukuweka mafuta mengi kupita alama. Kama kipimo ni sawa, angalia wakati. Bluu asubuhi tu wakati wa kuwasha, kisha inaisha: mafuta yanateremka usiku kupitia supape. Bluu pale unakanyaga kisha kusimama muda mrefu motere ikizunguka: mara nyingi ni turbo. Bluu saa zote, na nguvu imepungua: pete za pistoni zimechoka.

Mbele ya kukubali motere ifunguliwe, omba vipimo viwili. Cha kwanza: motere ikizunguka polepole, ondoa kifuniko cha kuwekea mafuta. Mvuke kidogo ni kawaida. Ukitoka kwa nguvu kama treni, pete zimechoka. Cha pili: toa tiyo ya turbo motere ikiwa imezimwa na baridi. Mafuta kidogo ya kupaka ukuta ni kawaida, lakini kama yanamwagika, turbo inavuja. Kisha fundi apime nguvu ya kila silinda kwa saa yake. Motere nzima ya zamani inatoa karibu bar 25 mpaka 30, na silinda zinafanana. Fundi akikuambia «motere imekufa» bila kupima hata silinda moja, tafuta fundi mwingine akuangalilie mbele ya kutoa pesa.

Mafuta yanaongezeka

Watu wanafurahi wakiona mafuta hayapungui. Yakiongezeka, ni hatari. Kitu kimeingia: maji ao mazutu. Maji yanaonekana kwa rangi. Mazutu inaonekana kwa harufu na kwa wepesi, mafuta yanatiririka kwenye kidole kama maji. Chukua tone moja, weka kwenye karatasi nyeupe, ngoja: mazutu inatembea mbali, inaacha duara la pili nje ya duara jeusi.

Kwa Toyota zenye motere 1KD, tiyo ya kurudisha mazutu ya injektere inapita chini ya kifuniko cha juu cha motere. Ikivuja, mazutu inateremka moja kwa moja ndani ya mafuta. Kwa gari mpya zenye filtre ya masizi kwenye bomba la moshi, motere inapuliza mazutu zaidi ili kuunguza yale masizi. Ukizima mara kwa mara kazi hiyo haijaisha, kama mtu wa safari fupi fupi za mjini, mazutu inaingia kwenye mafuta kidogo kidogo.

Harufu ya moshi na mlio wa «chu-chu»

Alama hii inaokoa motere nyingi za Hilux na Prado zenye 1KD na 2KD. Chini ya kila injektere kuna pete ndogo ya shaba. Ikichoka, moto wa silinda unatoroka pembeni. Asubuhi unasikia mlio kama «chu-chu-chu», na harufu ya moshi inaingia ndani ya kabini. Wengi wanazoea. Lakini ule moshi unaingia pia ndani ya mafuta, unayageuza kuwa lami, na lami inaziba chujio iliyo chini, pale pompi inavuta mafuta. Siku moja taa nyekundu ya mafuta inawaka, na motere inakamata.

Pete za shaba ni za bei ndogo. Kama mlio umeshakaa muda mrefu, kubadilisha pete peke yake haitoshi: omba fundi ateremshe karteri na asafishe chujio. Na taa nyekundu ikiwaka njiani, zima palepale. Hata kama ni usiku, hata kama mzigo ni wa mteja.

Harufu ya mayai yaliyooza

Mara nyingi ni salfa ndani ya mazutu. Lakini angalia batri pia: ikichajiwa kupita kipimo, inatoa harufu hiyohiyo, inakuwa moto na maji yake yanapungua. Hapo usiwashe kiberiti karibu, sababu batri inaweza kupasuka. Ugonjwa uko kwenye alternatere.

Moshi ndani ya kabini

Moshi una gazi ya monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu wala rangi. Kichwa kinauma, unasinzia, unatapika: simama, fungua milango, toka. Watoto wanaolala nyuma chini ya bashi wako kwenye hatari zaidi, sababu moshi unazunguka na kurudi chini ya bashi. Tangu 2012, shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, IARC, limeweka moshi wa mazutu kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu. Usiwashe gari ndani ya garaji iliyofungwa, hata kwa «kupasha moto» tu.

Motere ikikimbia yenyewe

Turbo ikivuja sana, ao mafuta yakipita kipimo, motere inaweza kuanza kunywa mafuta yake yenyewe. Inapiga kelele, inakimbia, moshi unafunika barabara, na ufunguo hauizimi. Kama gari ni ya kuchagua vitesi kwa mkono: kanyaga freni kwa nguvu, weka vitesi ya juu, achilia ambreaji ili motere ikufe. Usiweke mkono kwenye mdomo wa hewa. Kama haizimi, toa watu wote na kaa mbali.

Mazutu na mafuta tunayonunua

Kwa Kadhafi wa barabarani, mazutu inaweza kuwa na maji ao kuchanganywa na petroli ya taa. Petroli hailainishi pompi, na pompi ni ya bei kali. Mbele ya kununua bidoni nzima, jaza chupa nyeupe na uache itulie: maji na uchafu vinakaa chini. Petroli haionekani kwa chupa, basi nunua kwa mtu unayemjua. Toa maji ya filtre ya mazutu kila mara, zaidi wakati wa mvua.

Kwa mafuta ya motere, 15W-40 inafaa motere nyingi za zamani, lakini kitabu cha gari ndicho kinasema mwisho. Soma herufi za API: zinazoanza na C, kama CF-4 ao CI-4, ni za mazutu; zinazoanza na S ni za esanse. Gari inayotembea vumbini kila siku ibadilishiwe mafuta na filtre mbele ya kilometre 5,000.

Mafuta ya zamani usiyamwage kwenye shimo ao kwenye mfereji. Wengi wa Annexe tunakunywa maji ya kisima, na kile unachomwaga nyuma ya garaji kinaweza kurudi kwenye ndoo ya jirani. Yaweke kwenye bidoni yenye kifuniko, mbali na watoto.

Nunua pia daftari ndogo, iweke ndani ya gari. Kila juma andika kilometre, kipimo cha mafuta, maji uliyoongeza na rangi ya moshi. Siku fundi atasema «motere imekufa», fungua ile daftari pamoja naye.