Askofu na évêque ni ndugu

Huku Butembo na Beni twasema Kinande nyumbani, Kiswahili sokoni, Kifaransa shuleni. Wako wanaodharau Kiswahili, wakisema ni lugha iliyojaa maneno ya kuazima. Tuyatazame basi maneno machache tunayoyasikia kila Dominika.

Neno «askofu» asili yake ni Kigiriki, episkopos, maana yake mwangalizi. Waarabu walilitwaa wakasema usquf, na Waswahili wa Pwani wakalipokea kwao. Walatini nao walilitwaa kwa njia nyingine, na vinywani mwa Wafaransa likageuka kuwa évêque. Masikio hayatambui udugu huo, lakini baba yao ni mmoja.

«Injili» vilevile ni ya Kigiriki, euangelion, yaani habari njema, nayo ilipitia kwa Waarabu. «Kanisa» ni neno la Kiaramu, maana yake kusanyiko. «Padri» tulipewa na Wareno. Hata «afande», neno la askari kwa mkubwa wake, ni efendi ya Waturuki, nao waliipata kwa Wagiriki.

Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilileta Kiswahili cha Pwani mpaka Kongo. Beni ilipofanywa jimbo mwaka 1959, «askofu» lilikuwa limekwisha kuvuka bahari na misitu.

Basi anayeona haya kusali kwa Kiswahili na akumbuke: Kifaransa nacho kiliazima, tena mlango kwa mlango na sisi. Neno huwa la yule anayelitumia kwa moyo.