Kuzoea gari jipya la rali

Kuzoea gari ni uwezo wa dereva wa mbio kuacha mazoea ya gari moja na kuendesha jingine kwa kasi ya ushindani ndani ya kilomita chache. Mkoani Morogoro, ambako rali hufanyika kwenye barabara za vumbi, ardhi yenyewe haimpi dereva nafasi ya kujifunza polepole. Uwanda wa Mkata una udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha. Kwenye miteremko ya Uluguru, kama njia ya kupanda Mgeta, kona hufuatana, na wakati wa masika udongo mwekundu huteleza vibaya.

Afrika Mashariki ina mabingwa wa jambo hili. Joginder Singh wa Kenya alishinda Safari Rally ya 1965 kwa Volvo PV544, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda 1973 kwa Datsun 240Z yenye silinda 6, halafu mara 4 mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun Violet yenye silinda 4. Magari hayo yote ya ushindi yalisukumwa na magurudumu ya nyuma.

Dereva wa leo anavuka pengo pana zaidi. Aliyekulia kwenye Subaru Impreza au Mitsubishi Lancer Evolution akihamia gari la daraja la Rally2 hukuta injini ndogo ya lita 1.6 yenye turbo, lakini gari ni jepesi na hutulia kwenye mashimo. Kosa lake la kwanza huwa ni kufunga breki mapema mno. Gia za gari hilo hubadilishwa kwa kuvuta fimbo nyuma au kuisukuma mbele, na klachi hutumika zaidi wakati wa kuondoka, hivyo mguu wa kushoto unabaki huru kushika breki. Mguu huo umezoea kukandamiza klachi kwa nguvu. Breki inataka kuguswa kwa kipimo.

Mengi ya magari hayo hutoka Ulaya yakiwa na usukani kushoto. Dereva aliyezoea kukaa kulia akijiweka palepale alipozoea barabarani, gari lote linahamia kulia, na kwenye njia nyembamba ya mlimani ubavu wa kulia hugonga ukingo. Kwa maoni yetu, hatari hii huzungumzwa kidogo mno kuliko nguvu za injini.

Msoma ramani, anayemsomea dereva maandishi ya kona, naye ana kazi. Kama kona zimeandikwa kwa namba ya gia, maandishi ya gari la zamani yanapotosha na lazima yaandikwe upya. Ukaguzi wa njia kabla ya mbio hufanywa polepole, mara nyingi kwa gari la kawaida, kwa hiyo gari lenyewe la mashindano hujaribiwa kwenye kipande kifupi tu. Kilomita za kipande hicho zitumike kufunga breki kwenye mteremko, tena na tena, badala ya kutafuta muda mzuri.