Bomu Lenye Urefu wa Sentimita Nne



Wapendwa waamini, Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, baba mmoja wa familia alinisubiri mlangoni mwa sakristia. Mwanawe aishiye ng'ambo alimletea zawadi ya sanduku lenye vipande vya plastiki, ambavyo vikiunganishwa kwa gundi na kupakwa rangi huwa mfano wa ndege ya Kimarekani aina ya B-29, ile iitwayo Enola Gay. Bomu lake nalo limo, dogo kuliko kidole gumba. Baba huyo ameiunda ndege kwa ustadi, nayo yapendeza. Lakini mkewe amekataa katakata isikae sebuleni, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Basi akaniuliza: "Padre, ni dhambi kuwa nayo?"

Nilimwomba anipe juma moja. Swali lake ni la dhamiri, lakini haliwezi kujibiwa pasipo historia.

Kwanza tuwatendee haki wenye burudani hii. Kuunda na kukusanya mifano ya ndege za zamani ni kazi ya mikono ipendwayo na watu wengi huko Marekani, Ulaya, na hata Japani kwenyewe. Wengi wao ni watu wapole wenye subira kubwa. Mwundaji mwangalifu anajua, kwa mfano, kwamba mchoro wa gari moshi uliopo ubavuni mwa Bockscar, ndege iliyoipiga Nagasaki, ulichorwa baada ya safari ile. Anayetaka kuionyesha ndege jinsi ilivyokuwa tarehe 9 Agosti 1945 hataubandika.

Uangalifu wa namna hii unaweza kumfikisha mtu mbali. Mwaka 1993 dereva wa lori wa Wisconsin, John Coster-Mullen, alianza kutengeneza mifano midogo ya mabomu yale mawili, Little Boy na Fat Man, akitaka kuiuza pamoja na kijitabu wakati wa kumbukumbu ya miaka 50. Hakuwa mwanafizikia. Alipima maganda ya mabomu yaliyomo katika majumba ya makumbusho, akawahoji wazee waliofanya kazi ile, na kijitabu kikawa kitabu kizima alichokichapa mwenyewe. Ndiye aliyeonyesha kwamba ndani ya Little Boy kipande cha urani kilichofyatuliwa kilikuwa kile chenye uwazi katikati, kinyume cha ilivyoelezwa kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 2021, na wanahistoria wanamheshimu hata leo. Kupenda ukweli katika mambo madogo ni fadhila, nasi tusiidharau.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo mfano mdogo hauwezi kuyasema. Tuchukue skeli ya 1:72, inayotumika sana. Mabawa ya B-29, yenye mita 43 toka ncha hadi ncha, yanakuwa sentimita 60. Little Boy, lenye urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 4,400 hivi, linakuwa na sentimita 4. Mtu mzima anakuwa na sentimita 2 na nusu. Lakini Enola Gay iliruka juu ya Hiroshima katika kimo cha mita 9,400 hivi. Kwa skeli ile ile, baba yule angepaswa kuining'iniza ndege yake mita 130 juu ya sakafu. Hakuna sebule yenye dari la namna hiyo. Kwa hiyo umbali, ambao ndio uliomwezesha mwanadamu kuua mji mzima asione uso wa hata mtu mmoja, haumo ndani ya sanduku.

Wala hawamo watu wa Shinkolobwe, huko Katanga, nchi ya ndugu zetu wa Kongo wasemao Kiswahili. Sehemu kubwa ya urani ya Marekani wakati ule ilichimbwa huko, chini ya ukoloni wa Wabelgiji. Zaidi ya tani 1,000 za mawe yake zilikuwa zimehifadhiwa New York tangu mwaka 1940. Waliochimba hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini.

Majumba makubwa ya makumbusho nayo yameonja ugumu huu. Taasisi ya Smithsonian huko Washington ilipanga kuionyesha Enola Gay mwaka 1995 pamoja na vitu vilivyookolewa Hiroshima na Nagasaki. Askari wa zamani walipinga vikali, wakisema kwamba wanageuzwa wakosaji, hali wao waliamini kuwa bomu lilimaliza vita na kuokoa maisha yao. Mpango ukafutwa, mkurugenzi akajiuzulu, na sehemu ya ndege ikaonyeshwa bila vile vitu. Tangu Desemba 2003 ndege nzima inaonekana Chantilly, Virginia, ikimetameta.

Sasa twende Nagasaki. Katika jumba la makumbusho la bomu la atomu la mji huo upo mfano wa Fat Man wenye ukubwa wake halisi, wa rangi ya manjano. Humo humo umejengwa mfano mwingine, nao wa ukubwa halisi: ukuta uliobomoka wa Kanisa Kuu la Urakami. Mgeni hawezi kuutazama mmoja na kuukwepa mwingine.

Kanisa hilo latuhusu. Wakristo wa Urakami walikuwa wazao wa wale walioificha imani kwa zaidi ya miaka 200 pasipo mapadre. Zaidi ya 3,000 walihamishwa kwa nguvu walipogunduliwa, wakarudi mwaka 1873, na mwaka 1895 wakaanza kujenga kanisa lililobarikiwa mwaka 1914. Tarehe 9 Agosti 1945 mji uliokusudiwa ulikuwa Kokura, lakini haukuonekana kutoka angani, ndipo Bockscar ikageukia Nagasaki. Rubani wake, Charles Sweeney, alikuwa Mkatoliki. Saa 5 na dakika 2 asubuhi bomu lililipuka, mita 500 hivi kutoka kanisani, ambamo waamini walikuwa wakiungama kujiandaa kwa sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Waliokuwamo walikufa wote. Katika Wakatoliki 12,000 wa Urakami, inakadiriwa kwamba 8,500 walipoteza maisha. Na katika mji mzima, hadi mwisho wa mwaka ule, watu 74,000 hivi.

Nasi mapadre tusijitoe katika habari hii. Padre George Zabelka alikuwa mlezi wa kiroho wa askari Wakatoliki wa kikosi kile katika kisiwa cha Tinian. Baadaye alikiri hadharani kwamba alinyamaza ilipompasa kusema, na katika miaka ya 1980 alikwenda Japani kuomba msamaha. Alikuwa karibu na ndege zile kuliko mkusanyaji yeyote wa leo, akazizoea. Hilo ndilo linalonitia hofu: kuzoea.

Basi, ndugu yangu, jibu langu ni hili. Kuwa na ndege ile si dhambi, na kazi ya mikono yako ni njema. Lakini mama watoto naye ameona sawasawa: kitu hicho kikikaa peke yake, kitatufundisha kukipenda na kutuacha tusahau. Watoto watakichezea, watajua jina la ndege na idadi ya injini zake, wasijue jina la Urakami. Kwa hiyo usiitupe. Chukua mbao au boksi, uwaite watoto, mjenge na kanisa lile kwa skeli ile ile, na minara yake miwili. Viwili hivyo viwekwe pamoja, popote mama atakapokubali. Ukitaka kuwa mkweli wa vipimo, umbali kati ya kanisa na pigo la bomu ni mita 7. Yaani toka kabatini hadi uani kwa jirani.

Nimalizie na kengele. Minara ya Urakami ilikuwa na kengele mbili. Moja ilipona, nyingine iliharibika kabisa. Wakatoliki wa Marekani walichanga fedha ili mnara ule mtupu upate kengele mpya. Aliyewahamasisha ni James Nolan, profesa, mjukuu wa daktari aliyeisindikiza urani ya Little Boy kwa meli hadi Tinian. Tarehe 9 Agosti 2025, saa 5 na dakika 2, baada ya miaka 80, kengele zote mbili zililia pamoja.

Babu alisindikiza bomu, mjukuu akapeleka kengele. Nasi tujiulize juma hili: wajukuu wetu watarithi nini kutoka kabatini mwetu?

Bikira Maria, Malkia wa Amani, utuombee. Nawatakieni juma jema.