Hoja na Kuhoji

"Hoja" na "hoji" ni ndugu wa tumbo moja, ila tumewagawia kazi mbali mbali. Hoja tumeipeleka bungeni. Kuhoji tumewaachia polisi na waandishi wa habari. Undugu wao ulinijia nilipokuwa natafuta jina la Kiswahili la mbinu moja ya mantiki kutoka Poland.

Mwaka 2004 mwanamantiki Andrzej Wiśniewski alichapisha makala juu ya kile alichokiita uthibitisho wa Kisokrate, na Dorota Leszczyńska akaiingiza mbinu hiyo katika mantiki ya ulazima na uwezekano. Socrates anayetajwa ni yule wa Plato katika Meno, anayemhoji kijana mtumwa namna ya kuchora mraba wenye eneo maradufu ya mwingine. Kijana anakosea mara mbili, kisha anafika kwenye ulalo wa mraba. Mzee anashikilia kwamba hakufundisha kitu, ameuliza tu. (Maswali yenyewe, tuseme kweli, yanamshika kijana mkono.)

Kwa Wiśniewski hata wa kujibu hayupo. Swali linageuzwa kuwa swali jingine, nalo jingine, kwa kanuni zinazohakikisha kuwa "ndiyo" ya swali jipya ni "ndiyo" ya lililotangulia, na kinyume chake. Chukua hili: je, kutokana na "lazima mvua inyeshe na upepo uvume" tunapata "lazima mvua inyeshe"? Ulazima ni ukweli katika kila ulimwengu unaofikika kutoka hapa tulipo, yaani ulimwengu namba 1, basi tunafungua ulimwengu mmoja wowote, tunaupa namba 2, na kuuliza: je, kutokana na "mvua inanyesha na upepo unavuma" katika 2, tunapata "mvua inanyesha" katika 2? Tunaivunja ile "na": je, kutokana na "mvua inanyesha" pamoja na "upepo unavuma", tunapata "mvua inanyesha"? Hapo swali limejijibu. Mfululizo huo wa maswali ndio uthibitisho mzima. Hakuna hata sentensi moja iliyodai chochote.

Mantiki inayochunguza maswali huko Ulaya hupewa jina lenye asili ya neno la Kigiriki la kuuliza. Tukilitohoa tutapata "erotetiki", na msomaji wa Dodoma atafungua kitabu akitarajia habari za mapenzi. Mimi nasema "mantiki ya maswali", na mbinu yenyewe naiita "uthibitisho kwa kuhoji". Kuhoji kunapozaa hoja, ndugu wawili wamerudi nyumba moja.

Kazi ya kutafuta majina iko kwenye alama mbili za mantiki ile ya ulazima na uwezekano, kisanduku (□) cha ulazima na almasi (◇) ya uwezekano. "Lazima" inatosha, lakini "hapana budi" ina utamu wake. Budi ni njia ya kukwepa, na neno hili halisimami bila ukanushi: mtu husema "sina budi", hasemi "nina budi". Ndivyo na kisanduku kinavyoweza kufasiriwa kwa almasi: lazima iwe, maana yake haiwezekani isiwe. Ukanushi mara mbili, na katikati yake mlango uliofungwa.

Kwa almasi nilitaka kuandika "labda", nikashtuka. Labda, au labuda ya wazee, imetoka katika Kiarabu *la budda*, yaani hapana budi! Maneno yale yale yalishuka pwani, yakatupa "hapana budi" kwa mkono mmoja na "labda" kwa mwingine. Mwarabu alifunga mlango, Mswahili akauacha wazi kidogo, nadhani kwa adabu: mwenye kusema "bila shaka atakuja" mara nyingi ndiye mwenye shaka.

Kwa hiyo "labda" nimeiweka kando. Almasi nimeipa "yamkini", ambayo tangu Uarabuni ilikuwa uwezekano na imebaki kuwa uwezekano, tena inakanushika vizuri: haiyumkiniki. Kisanduku bado nakisoma "hapana budi", ingawa karani wa chapa atalalamika kwamba ni maneno mawili kwa alama moja.