Gitaa na Redio katika Nchi ya Thika na Ruiru

Reli ilifika Thika mwaka 1913 kwa kupitia Ruiru, na kandokando ya njia yake yakaenea mashamba ya kahawa na mkonge, mananasi yakafuata. Watu wa nchi hiyo walikuwa na kazi nyingi na burudani haba. Katika insha hii twataka kuona jinsi gitaa lilivyofika masikioni mwao, na ni nani aliyeshika ufunguo wa redio.

Kabla ya redio kuenea, santuri zilitangulia. Kisa kimoja cha upande wa Kericho chatuonyesha nguvu yake. Jimmie Rodgers, mtu wa Mississippi aliyepata kufanya kazi katika reli, alikuwa mwimbaji mashuhuri wa muziki wa mashambani wa Marekani, uitwao kantri. Alifariki mwaka 1933, lakini sauti yake iliendelea kusafiri. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigisi wakimwimba kwa jina la Chemirocha, kiumbe aliyekuwa nusu mtu na nusu paa. Kisa hiki chachekesha, lakini chafundisha pia: wanakijiji hawaipokei sauti ya mgeni kama ilivyo, huivika jina la kwao.

Ndivyo ilivyokuwa katika vilima vilivyo juu ya Thika. Joseph Kamaru, aliyezaliwa Kangema mwaka 1939, na Daniel Kamau wa Gatanga, aliyetoa santuri yake ya kwanza mwaka 1967, walilishika gitaa wakaimba kwa Kikuyu juu ya mapenzi na adabu. Ala ilitoka mbali, lakini maneno yalikuwa ya nyumbani.

Hata hivyo, ufunguo wa redio haukuwa mikononi mwa waimbaji. Utangazaji ulianza Nairobi mwaka 1928, hasa kwa ajili ya walowezi. Mwaka 1964 serikali huru iliunda Sauti ya Kenya. Kiswahili na Kiingereza vilipewa idhaa zao, na lugha nyingine nyingi zikagawana saa chache. Tena serikali ndiyo iliyoamua lipi lisikike: mwaka 1975, J. M. Kariuki alipouawa, Kamaru alitunga wimbo wa kumlilia, nao ukapigwa marufuku redioni.

Mlango ulianza kufunguka mwaka 1996, vituo vya watu binafsi viliporuhusiwa. Mwaka 2000 Rose Kimotho alianzisha Kameme FM, kituo cha kwanza cha binafsi kutangaza kwa Kikuyu. Sasa mkulima wa Gatanga na kibarua wa Ruiru hawakungoja zamu tena. Lugha yao ilisikika mchana kutwa, pamoja na magitaa ya ujana wao.

Lakini uhuru ulikuja na mtihani wake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 damu ilimwagika nchini, na Tume ya Jaji Waki, katika taarifa yake ya mwaka 2008, ilivilaumu baadhi ya vituo vya lugha za kienyeji kwa kueneza chuki. Lugha ile ile iliyomfariji mkulima iliweza pia kumchochea dhidi ya jirani yake.

Basi, enyi vijana, kupata sauti ni haki, na watu wa Thika na Ruiru waliingojea haki hiyo miaka mingi. Bali sauti ya karibu huingia moyoni upesi kuliko ya mbali; kwa hiyo mwenye kuishika apaswa kuyapima maneno yake kabla ya kuyatoa.