Mgonjwa Atapandaje?

Naomba nianze na daftari. Ni kaunta buku nililonunua Mtaa wa Kongo, na kurasa zake arobaini za mwanzo zina meli moja tu. Riwaya yenyewe haijafika hata sura ya nne, lakini meli imekamilika: dohani nne, sitaha saba, ukumbi wa dansi, bwawa la kuogelea, na ngazi ya kuzunguka inayoshuka kutoka daraja la kwanza, kama ile tuliyoiona wote kwenye filamu ya Titanic. Inaitwa Sikudhani. Katika hadithi inabeba abiria kati ya Dar na Bombay, kisha vita vinazuka, serikali inaitwaa, inapakwa rangi nyeupe na kugeuzwa hospitali. Shujaa wangu anampenda nesi wa humo ndani. Msinicheke, kila mmoja wetu ana Titanic yake kabatini.

Mimi elimu yangu ni ya sekondari, na mchana nauza makava ya simu kwenye meza ya mjomba, mitaa ya Kariakoo. Wateja wakikatika nachora. Jirani na meza yetu anakaa mzee mmoja mwenye benchi lake na redio yake. Siku moja akaniomba daftari. Akavaa miwani, akafungua taratibu kama mtu anayehesabu pesa za watu.

"Meli nzuri," akasema. "Sasa mjukuu wangu, mgonjwa atapandaje?"

Nikamwonyesha ile ngazi ya kuzunguka.

"Ngazi ya harusi hiyo. Nimekuuliza mgonjwa."

Nilichukia kidogo. Nikajisemea huyu mzee fasihi haijui, anataka kuniletea mambo ya ufundi. Nikafunga daftari.

Wiki tatu baadaye mama mkubwa alizidiwa usiku. Anakaa ghorofa ya nne kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani, na mwenye nyumba kila akiulizwa anajibu kwamba fundi yuko njiani. Tulikuwa vijana wanne. Tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki, wawili mbele, wawili nyuma, tukaanza kushuka. Kwenye kona ya kwanza kiti kikagoma. Ngazi ilikuwa nyembamba na ukuta umebana. Ukimwinamisha mbele anateleza, ukimlaza nyuma kichwa kinagonga ukuta. Kona nane zile! Tulipofika chini mikono ilikuwa inatetemeka na mama mkubwa analia kimyakimya, si kwa maumivu tu, ni kwa aibu ya khanga kumvuka mbele ya watoto wake. Alipona, tunamshukuru Mungu. Mimi nilirudi nyumbani nikafungua kaunta buku, nikaitazama ile ngazi yangu, nikaona kweli nilikuwa nimejenga ukumbi wa harusi.

Nilimrudia mzee. "Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja na ngazi nyingine?"

Ndipo aliponiambia kwamba katika miaka ya sitini alikuwa kuli bandarini, na meli aliyoipenda kuliko zote ilikuwa Uganda. Alisikia baadaye kwamba na yenyewe ilikuja kufanywa hospitali. Sikumwamini. Meli yenye jina la nchi isiyo na bahari, iliyopakuliwa mizigo hapa hapa na mzee wa redio, ikawe hospitali ya vita? Nikaenda kutafuta, na mzee alikuwa sahihi.

Uganda ilijengwa Glasgow ikaanza kazi mwaka 1952, na pacha wake aliitwa Kenya. Ilikuwa na tani zaidi ya 14,000. Safari yake ilikuwa London, Mfereji wa Suez, Mombasa, Tanga, Unguja, Dar es Salaam, Beira. Maofisa wa kikoloni waliipanda kuja kututawala, na baada ya 1961 wengi wakapanda kurudi kwao. Mwaka 1967 ikaacha njia hii: ndege zilikuwa zimeshawachukua abiria. Ikageuzwa shule, ikawa inawatembeza wanafunzi baharini huku wakifundishwa. Ndani yake yakajengwa mabweni.

Aprili 1982 Argentina ikavivamia visiwa vya Falkland. Uganda ilikuwa Mediterania na wanafunzi mamia kadhaa. Wakashushwa Naples, meli ikapelekwa Gibraltar, na kwa muda wa siku tatu hivi mafundi wakaigeuza. Siku tatu! Mimi ukumbi wa dansi peke yake ulinichukua mwezi. Mabweni na kumbi zikawa wodi, chumba cha upasuaji kikapatikana, nje ikapakwa misalaba myekundu. Na swali la mzee likajibiwa upande wa tezi: walijenga uwanja wa helikopta. Majeruhi hakupanda ngazi, alishushwa kutoka juu. Waliotibiwa humo walizidi 700, na miongoni mwao walikuwamo Waargentina.

Hapa naomba wenzangu mnaoandika riwaya mtege sikio, maana kuna kitu kiliniua sura nzima. Meli ya hospitali haina siri. Kwa Mkataba wa Geneva wa 1949 lazima iwe nyeupe, misalaba ionekane baharini na angani, adui apewe jina lake na vipimo vyake siku kumi kabla haijaanza kazi, na adui ana haki ya kuja kuipekua. Hairuhusiwi hata kutumia simu za mafumbo: ikizungumza redioni, wote wanasikia. Sura yangu ya tatu ilikuwa na nesi anayepeleka ujumbe wa siri kwa redio ya meli. Nikaichana. Meli hii haina mzinga na wala haina ukuta wa chuma wa kuizidi meli nyingine. Kinachoizuia isizamishwe ni kwamba adui akiitazama, anaamini anachokiona.

Na asipoamini? Jibu la swali hilo halikunitoa mjini. Kutoka Kariakoo unashuka kwa miguu, unapita Mnazi Mmoja, unakwenda moja kwa moja mpaka unakutana na maji ya bandari. Pale ndipo mwaka 1914 ilipokuwa imetia nanga Tabora.

Tabora ilikuwa meli ya abiria ya kampuni ya Kijerumani iliyohudumia Afrika Mashariki. Ilikuwa mpya, ina miaka miwili tu, na tani zipatazo 8,000. Vita vilipoanza Agosti 1914 ilikwama hapa, na wenzake König na Feldmarschall. Wajerumani wakazamisha chelezo chao cha kutengenezea meli kwenye mlango wa bandari ili adui asiingie. Wenye mji na Waingereza wakaafikiana: mji usipigwe, na meli zilizomo zisifanye kazi ya vita. Tabora ikawekwa alama za msalaba mwekundu, ikatangazwa kuwa hospitali.

Tatizo lilikuwa manowari Königsberg. Septemba 20 iliingia Unguja alfajiri ikaizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji. Waingereza walipoigundua walianza kuogopa kila chombo kinachoweza kuipelekea makaa na chakula. Bandari ya Dar haiko mbali na Rufiji, na ndani yake kuna meli tatu kubwa, moja inasema ni hospitali. Weka mguu wako kwenye kiatu cha nahodha wa Kiingereza. Rangi ni rangi tu. Hata mimi nikipata ndoo mbili naweza kuipaka gari la mkaa liwe ambulansi.

Tarehe 28 Novemba 1914 manowari Goliath na Fox zikasimama nje, vyombo vidogo vikaingia ndani kuzikagua zile meli na kuziharibu mitambo. Bendera nyeupe zilikuwa zinapepea mjini. Daktari mmoja wa jeshi la maji la Uingereza, Holtom, akapanda Tabora kuangalia kama ni hospitali ya kweli au ya uongo. Akiwa bado humo, bunduki zikaanza kulia kutoka ufukweni. Vyombo vya Waingereza vikakimbia kuelekea mlango wa bandari huku vikimiminiwa risasi. Kiongozi wao, Ritchie, alijeruhiwa mara nane akiendesha, akaja kupewa nishani ya Victoria Cross. Manowari nazo zikaupiga mji mizinga. Na daktari? Akabaki Tabora. Aliyekuja kukagua hospitali akatoka humo mateka, akakaa kifungoni karibu miaka miwili.

Nimekaa na tukio hili muda mrefu kuliko nilivyokaa na riwaya yangu. Waingereza walisema Wajerumani walivunja bendera nyeupe. Wajerumani walisema makubaliano yalikuwa ya kukagua, si ya kuvunja mitambo. Mimi naona wote wawili walikuwa wameshaacha kuamini kabla ya risasi ya kwanza. Machi 1916 manowari za Kiingereza zikarudi, zikaipiga Tabora mizinga palepale ilipokuwa. Ikaungua, ikalala ubavu majini. Septemba 4 mwaka huohuo mji ukatekwa.

Ningeweza kuishia hapo, maana hadithi ya meli imekwisha. Lakini walioingia mjini Septemba ile walikuta jengo la soko ambalo Wajerumani walikuwa wamelijenga na halijaanza kufanya biashara. Wakaligeuza kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps. Sisi kwa ndimi zetu tukasema Kariakoo. Kwa hiyo mahali ninapouzia makava ya simu pana jina la kikosi cha watu waliobeba. Soko lile lilibomolewa baadaye, hili la sasa la Beda Amuli likafunguliwa 1975, likaungua Julai 2021, likajengwa upya, na jina limebaki.

Upande wa Waingereza peke yake waliokufa katika wapagazi wanakadiriwa kuzidi 90,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa, hasa mwanzoni mwa 1917, mvua ilipoifurisha Rufiji na posho ikakata. Wale wa Wajerumani walikamatwa vijijini kwa nguvu, na wengi hawakuandikwa popote. Mpagazi akiugua porini alitiwa kwenye machela, na machela ile haikuwa na magurudumu. Ilibebwa na wapagazi wenzake. Watu wanne chini ya mgonjwa mmoja, matope magotini, njia haionekani. Niliposoma hapo nilikumbuka kona nane za ghorofa ya mama mkubwa, nikafunga kitabu nikatoka nje kuvuta hewa.

Julai 2024 ilikuja Dar meli ya hospitali ya jeshi la China, ile inayoitwa Peace Ark. Si meli ya kugeuzwa, ilijengwa kwa kazi hiyo tangu mwanzo, ina vitanda 300. Nyeupe kabisa, misalaba myekundu ubavuni. Ilikuwa mara ya tatu kuja, baada ya 2010 na 2017. Niliitazama nikiwa upande wa Feri. Watu walikuwa wanakwenda kutibiwa, wamevaa nguo za kutokea, hakuna anayemuuliza mwenzake kama rangi ile ni ya kweli. Kwenye bandari ileile.

Basi nimeichora Sikudhani upya. Dohani nne zimekuwa mbili. Ngazi ya kuzunguka nimeifuta mpaka karatasi ikatoboka. Ubavuni nimeweka mlango mpana karibu na maji, na ndani yake njia ya mteremko mdogo isiyo na kona, upana wake machela mbili kupishana. Upana huo sikuuona kitabuni, niliupima kwa kiti cha plastiki. Chumba cha upasuaji kiko katikati, chini, ambako meli haiyumbi sana. Nahodha anaongea redioni kwa Kiswahili cha wazi, adui anamsikia, na mashaka yote ya sura ya tatu sasa yamo katika hilo: je, yule wa upande wa pili ataamini?

Nikampelekea mzee. Akashusha sauti ya redio. Akaufuata ule mteremko kwa kidole, kutoka mlangoni hadi wodini, kidole hakikukwama popote.

"Hapa atapanda," akasema.

Nikafurahi kama mtu aliyefaulu mtihani. Yeye akaendelea kufunua kurasa, mbele, nyuma, mbele tena, kama kuna kitu amekipoteza humo.

"Na hawa wanaombeba," akauliza, "wao wanalala wapi?"

Nikachukua daftari nikatafuta na mimi. Sitaha saba, na sikuwa nimewawekea hata mkeka. Ukumbi wa dansi bado ulikuwepo, nilikuwa nimeuacha kwa sababu ya sura ya kwanza. Mteja akaja anataka kava la Tecno. Nikamhudumia, nikarudi kukaa, nikachukua kifutio.