Teknolojia ya kidijitali viwandani (Mbeya na Iringa)

Teknolojia ya kidijitali viwandani ni matumizi ya vitambuzi, kompyuta na mtandao wa simu katika kupima na kuendesha uzalishaji. Ujerumani ilitangaza wazo hilo mwaka 2011 kwenye maonesho ya Hannover kwa jina la Viwanda 4.0. Mwaka 2021 Kamisheni ya Ulaya ikaja na Viwanda 5.0, ikitaka mashine zimfae mfanyakazi na zisimalize maliasili. Katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania jambo hili halianzii kwenye roboti. Linaanzia kwenye kuni, umeme na mizani, na linaonekana vizuri zaidi katika kiwanda cha chai.

Chai hulimwa Mufindi, mkoani Iringa, na Rungwe, mkoani Mbeya. Kilo moja ya chai kavu hutokana na kilo nne na nusu hivi za majani mabichi. Kinachopotea ni maji, na kuyaondoa kunakula nishati. Majani hunyaushwa kwa saa 12 hadi 18 juu ya vichanja virefu vinavyopulizwa na feni, hukatwakatwa, huachwa yageuke rangi, kisha hukaushwa mpaka unyevu ubaki asilimia 3 hivi. Joto la kukaushia hutokana na boila la kuni za mikaratusi. Wakati wa kunyausha, msimamizi mzoefu hufumbata majani, akafungua kiganja na kutazama kama donge linabaki au linatawanyika. Mkono huo haukosei sana, ila hauwezi kuwa kwenye kila kichanja usiku kucha. Kitambuzi cha unyevu kikiunganishwa na kidhibiti mwendo cha mota, feni hupunguzwa kasi majani yanapokaribia kuwa tayari. Kasi ikishuka kwa asilimia 20, umeme wa feni hupungua karibu nusu. Akiba iko hapo, si kwenye skrini kubwa ya kuonyeshea wageni.

Umeme huo una chanzo chake: tangu 2012 mtambo wa umeme wa maji wa Mwenga, Mufindi, wenye megawati 4, umekuwa ukilisha kiwanda cha chai, vijiji jirani na gridi ya shirika la umeme, TANESCO. Wanakijiji hulipia kabla ya kutumia. Baadaye iliongezwa mitambo mitatu ya upepo, jumla megawati 2.4, ya kusaidia kiangazi mto unapopungua.

Mkulima mdogo hukutana na teknolojia hii mizanini. Ugomvi wa siku zote ni makato ya uzito wa gunia na majani yaliyolowa. Mizani inayotuma uzito na makato kwa simu papo hapo humpa mkulima ushahidi. Mizani ambayo namba zake anaziona karani peke yake ni ile ile ya zamani, imetiwa betri tu.

Takwimu za kasi ya mfanyakazi zinazokusanywa kiwandani nazo zina mwenyewe: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayezikusanya aeleze sababu. Na usanifu hauna budi kuwafikiria watumiaji wote. Karakana ya Neema Crafts mjini Iringa, iliyoanzishwa 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, imeajiri watu wenye ulemavu, wakiwamo viziwi. Katika karakana ya namna hiyo, mashine inayotahadharisha kwa king'ora pekee ni ya hatari. Inahitaji pia taa au mtetemo.